Fundi Anajibu: Laptopu inachemka mpaka inajizima yenyewe

Vitabuni inaitwa kompyuta mpakato, na watu wamelishika hilo jina neno kwa neno, wanaipakata. Mapajani, juu ya mto, juu ya godoro, wengine juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne eti isikwaruzike. Alafu wananiandikia inachemka. Mwezi huu maswali ya joto yamezidi mengine yote, na hii ndo Oktoba yetu ya Tabora, mvua bado, vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na chumba cha bati kisicho na dari saa nane mchana hata mjusi anakihama. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana wengi mmeuliza hilo hilo kwa maneno tofauti, mtanisamehe mliobaki.

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina steshenari Ipuli, hapa hapa mjini. Laptopu yangu nilinunua ya mtumba, huu mwaka wa 4. Asubuhi inaenda vizuri tu, ikifika saa tano saa sita feni inaanza kulia kama pikipiki inapanda mlima, inakuwa nzito, nabonyeza herufi inatokea baadae, alafu pap, imezima. Nikiiacha kama robo saa inawaka kama hakuna kilichotokea. Juzi imezima na ripoti ya mwanafunzi, kurasa kama 60 na nusu yake nilikuwa sijasevu, kijana wa watu alitaka kulia. Fundi wa kwanza alipiga windows upya, wiki haikuisha ikarudi kule kule. Wa pili kasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa nitafute mashine nyingine. Nishike lipi? (Mama Steshenari, Ipuli)

JIBU: Pole mama, na kijana mpe pole yangu. Usinunue mashine kwanza. Madabodi ikishakufa haifufuki baada ya robo saa, hata siku moja. Na ulivyozipanga dalili zako mwenyewe umeshanirahisishia kazi: kelele ya feni, kisha uzito, kisha kuzima, kisha ikipoa inawaka. Hiyo ni safari ya joto. Ingekuwa inazima ghafla asubuhi ikiwa ya baridi, feni imetulia, hapo ningekwambia tuanze na chaja, tundu la chaja na betri.

Iko hivi. Prosesa, ile chipu ambayo ndo ubongo wa kompyuta, ina kipimo cha joto ndani yake. Joto likipanda, feni inaongeza mbio. Likizidi kupanda, prosesa inajipunguza spidi yenyewe ili ipumue, na hapo ndo unaona herufi zinachelewa, wewe unadhani virusi kumbe ni mashine inajihurumia. Ikishindikana kabisa na joto likapita kikomo, inakata umeme. Joto la juu la kufanyia kazi kwa prosesa nyingi za Intel za laptopu ni nyuzi 100, kukata umeme kunakuja likishapita hapo, za AMD zipo za 95 na zipo za 105. Kwa hiyo ile kuzima pap inayokuudhi ndo iliyoiokoa mashine yako mpaka leo.

Kabla hujashika bisibisi, hakikisha. Pakua HWMonitor au Core Temp, zote za bure, uone namba. Laptopu iliyokaa tu bila kazi huwa kwenye 40 mpaka 55, ikifanya kazi nzito 70 mpaka 85 ni ya kawaida, ukiona inacheza 95 kwenda juu basi hapo hakuna ubishi. Alafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, angalia nani anaitumikisha prosesa. Hili kwenu wa steshenari ni la muhimu kuliko kwa mwingine yeyote, flashi za mji mzima zinapita hapo, na hizi programu za kukreki tunazogawana zinaweza kuja na mgeni anayechimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Ukikuta prosesa iko asilimia 90 na wewe hujafungua kitu, tatizo liko kwenye programu na yule fundi wa kwanza hakukosea sana. Ila kwako alipiga windows ikawa ile ile, kwa hiyo mi naelekeza kidole kwenye njia ya joto.

Njia ya joto ni nini. Prosesa ni kidude kidogo kuliko kadi ya simu ukizipanga mbili, joto lake lote inabidi litoke pale lifike nje ya boksi. Juu yake kuna pesti, ule uji mzito wa kupitisha joto, juu ya pesti kuna bamba la shaba, kwenye bamba kuna mrija wa shaba uliobonyezwa bapa unaokwenda mpaka kwenye mapezi membamba yaliyosimama kama meno ya kitana, na feni inapuliza katikati ya yale mapezi. Ule mrija watu wanadhani ni waya tu. Ndani una maji kidogo sana na hewa imenyonywa, kwa hiyo maji yanachemka hata kwa joto dogo, mvuke unakimbilia upande wa mapezi, unapoa, unageuka maji tena na kurudi kwa kunyonywa na kuta za ndani kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta. Inazunguka hivyo siku nzima bila pampu bila nini. Mimi miaka yote hii bado naupenda ule mrija.

Sasa njia hiyo hukatika sehemu mbili kuliko zote, kwenye mapezi na kwenye pesti.

Mapezi kwanza. Mwezi uliopita kaka mmoja karani wa mambo ya tumbaku kutoka Urambo aliniletea laptopu yenye maneno kama yako neno kwa neno. Alikuwa ameshapiga brashi matundu yote ya nje, yanang'aa, anashangaa mbona bado. Nikafungua, nikachomoa feni, kati ya feni na mapezi nikakuta kitu kama kipande cha blanketi, kijivu kimeelekea ukahawia. Nikakivuta na kibano kikatoka kizima, hakikukatika hata, nene kama soli ya ndala ya mtoto. Nikakinusa: tumbaku tupu. Feni ilikuwa nzima kabisa maskini, inakimbia mbio zote, ila inapuliza ukuta. Ndo maana kelele ziko nyingi na upepo hautoki. Weka kiganja chako pale upepo unapotokea, ubavuni au nyuma, mashine ikiwa inalia. Ukihisi pumzi dhaifu ya uvuguvugu wakati feni inapiga kelele, blanketi lipo. Na hilo blanketi liko upande wa ndani, ukipiga brashi kwa nje unalisukuma tu lirudi kwa feni.

Kusafisha unaweza mwenyewe kama mkono wako umetulia. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri, kama betri yake ni ya ndani basi ukishafungua mfuniko cha kwanza kabisa chomoa kile kisoketi chake, alafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama 10 umeme uliobaki uishe. Skrubu zake hazilingani urefu, na hapa ndo wengi wanaharibu, skrubu ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi inatokeza upande wa pili au inatoboa madabodi kweli, sasa ndo itakuwa imekufa. Mimi nachora umbo la laptopu kwenye boksi la karatasi nachomeka kila skrubu mahali pake. Toa feni, vuta blanketi, piga brashi laini ya rangi, ila iwe mpya sio iliyopakia geti. Ukipuliza kwa kipulizio shika panga za feni kwa kidole au kijiti cha meno zisizunguke. Watu wanapenda ile sauti zikizunguka, wiiiii, lakini zinakwenda mbio kuliko zilivyotengenezewa, unaua beringi, na feni ikizungushwa hivyo ikiwa bado imechomekwa inaweza kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye bodi. Na tafadhali usiipeleke kwa fundi pancha. Upepo wa kompresa unakuja na maji na mafuta, nimeshapokea moja imelowa ndani kama imetoka mvuani, na mwenyewe anasema mbona aliipuliza ikakauka.

Pesti sasa. Mashine ya mtumba ukijumlisha miaka yako 4 na ya mwenyewe wa kwanza, pesti imeshakauka. Ukinyanyua bamba utaikuta imepasuka vipande kama udongo wa mbuga za kule Igunga kiangazi. Kazi yake ni kujaza vile vinafasi vidogo kati ya prosesa na bamba ambavyo jicho halivioni, hewa ikiingia hapo joto halipiti. Hii kama hujawahi, mpe fundi, lakini simama naye. Mafundi simu wanayo IPA, ile spiriti kali ya kusafishia bodi, tumia hiyo na pamba mpaka shaba ing'ae. Petroli hapana, tina hapana, sanitaiza ya mikono nayo hapana maana ina utelezi unaobaki. Pesti mpya ni kiasi cha punje moja ya mchele katikati, basi, bamba lenyewe litaisambaza. Nimekuta fundi kapaka kama anapaka mkate siagi, imemwagikia pembeni kote. Na yupo aliyepaka dawa ya meno. Siku mbili tatu inafanya kazi vizuri tu nakwambia, mteja anafurahi, maji yake yakikauka inabaki chaki na mteja anarudi kwangu sio kwake. Pembeni ya prosesa ukikuta vipedi laini vya kijivu au bluu usivitupe ukaweka pesti badala yake, pale kuna nafasi kubwa, pesti haiwezi kuifikia. Skrubu za bamba mara nyingi zina namba 1, 2, 3, 4, kaza kwa kufuata hizo namba kidogo kidogo, usikaze moja mpaka mwisho ndo uende nyingine, bamba litainama.

Ya yule karani ilikuja na 97 ikiandika kawaida tu, ilitoka kwangu na 68. Hakununua kitu zaidi ya pesti.

Bado una jambo moja mama, na hili nimekisia tu kwa kuwa naijua steshenari ilivyo. Laptopu iko mezani pembeni ya mashine ya fotokopi, si ndio? Fotokopi nayo inatoa hewa ya moto, na laptopu yako inanyonya hiyo hiyo kujipozea, na unga wa wino juu yake. Laptopu nyingi kiwandani zimeandikiwa joto la chumba lisipite nyuzi 35, sasa chini ya bati mwezi huu ukichanganya na fotokopi sijui liko ngapi. Isogeze upande mwingine. Weka vizibo viwili vya soda chini ya pembe za nyuma inyanyuke, matundu ya kuvuta hewa mengi yako tumboni. Zile meza za feni mbili za taa za bluu unaweza kununua, hazina ubaya, ila ukinunua kabla ya kutoa blanketi umempepea mtu aliyezibwa pua. Na ripoti za watoto, Ctrl na S kila aya.

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma chuo Tabora, kwetu Ujiji. Nilipotoka likizo nilipanda treni jioni, laptopu nilifunga mfuniko tu nikaitia begini katikati ya nguo na kifurushi cha dagaa alichonipa bibi. Kufika Tabora begi limekuwa la moto, betri imeisha yote na sasa inanuka. Imeshaungua? (Mwanafunzi wa mwaka wa 2)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kufunga mfuniko sio kuzima. Laptopu za siku hizi zinalala usingizi wa paka, jicho moja wazi, zinaamka kuangalia mtandao, zinaamka kushusha apudeti, na yako imeamka ikajikuta kwenye begi la nguo hakuna pa kutolea hewa, ikapika mpaka chaji ikaisha, na kuisha kwa chaji ndo bahati yako. Safari ya usiku kucha zima kabisa, subiri taa zizimike ndo ufunge.

Harufu ndo nataka uniangalizie vizuri. Kama ni ya dagaa wa Kigoma hiyo ni baraka, iache ipungue yenyewe. Kama ni tamutamu inayokera, inaelekea harufu ya kile kisafisha rangi ya kucha, hiyo ni betri inavuja. Iweke mezani pa tambarare uone kama inacheza, angalia padi ya kipanya kama imenyanyuka, mfuniko kama haufungi sawa. Lolote katika hayo ukiliona usiichaji tena, usilale nayo chumbani, peleka kwa fundi atoe betri. Na ikishatoka usiitoboe kuitoa gesi kama ninavyoona vijana wanafanya, usiitupe kwenye moto wa takataka. Betri ya lithiamu iliyovimba ukiichoma sindano inaweza kuwaka hapo hapo mkononi. Kama haikuvimba, hainuki, na chaji inakaa kama zamani, endelea na masomo. Msalimie bibi.

SWALI: Fundi mi naweka chupa ya maji ya barafu chini ya laptopu wakati wa gemu, na rafiki yangu anaitia kwenye friji dakika 10 kabla ya kuanza. Ipi bora? (Kijana wa Kanyenye)

JIBU: Hakuna. Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani, baada ya dakika 2 inatoka jasho, si unaona? Hilo jasho ndo linatokea ndani ya laptopu ya rafiki yako, juu ya bodi, tofauti ni kwamba hulioni. Chupa yako nayo inatoa jasho na imekaa pale pale tumboni penye matundu ya kuvuta hewa, umeweka maji na umeziba pua kwa wakati mmoja. Rudi kwa Mama Steshenari hapo juu usome habari ya blanketi.

SWALI: Fundi habari. Mimi mwalimu, niko kijijini Sikonge, umeme wangu ni wa sola na inveta. Laptopu yenyewe haichemki sana ila chaja inaungua mkono na inalia zzzz. Chaja ni mpya, ya zamani ilikatika. Na nikiwasha laptopu jioni betri ya sola haifiki saa tatu. (Mwalimu)

JIBU: Salama mwalimu. Geuza chaja usome maandishi madogo, alafu usome na yaliyo chini ya laptopu. Nina wasiwasi ulinunua kwa kuangalia ncha inaingia, wote tunafanya hivyo. Kama laptopu imeandikwa volti 19 na ampea 3.42 hiyo inataka wati 65. Chaja ikiwa volti 19 lakini ampea 2.37, hiyo ni wati 45, ncha inaingia, taa inawaka, na chaja inabebeshwa mzigo usio wake kila siku. Volti zifanane, ampea za chaja ziwe sawa na za laptopu au zizidi, zikizidi hazina shida, laptopu inachukua inachohitaji tu.

Ule mlio zzzz mara nyingi unatoka kwenye inveta. Za bei rahisi wimbi la umeme wake sio laini kama la gridi, limekatwa ngazi ngazi, chaja inapata tabu nalo na tabu hiyo inatoka kama joto na mlio. Afadhali zaidi utafute chaja ya gari ya laptopu, inayochukua volti 12 za betri moja kwa moja na kuzipandisha, ukiichagua kwa volti na ampea zile zile. Unakuwa umeruka inveta kabisa, na inveta yenyewe inakula umeme kwa kuwa tu imewashwa, hata usipochomeka kitu.

Alafu kuna hili dogo, na wengine wote mnaweza kulijaribu. Kwenye Windows ingia mipangilio ya pawa, ile ya ndani kabisa, kuna sehemu ya prosesa, kiwango chake cha juu kimewekwa asilimia 100. Weka 99. Asilimia moja utaiona kichekesho, lakini kwa mashine nyingi ukishuka chini ya 100 prosesa inaacha ile tabia ya kujirusha spidi za ziada, na zile spidi za ziada ndo zinazokula umeme na kuleta joto. Kuandika maswali ya mtihani na kujaza alama hutaona tofauti. Baadhi ya laptopu mpya hiyo sehemu imefichwa, usihangaike nayo sana, kwa hizo chagua tu pawa ya kubana matumizi. Kwangu mimi laptopu ya dukani ilishuka nyuzi 12 kwa hiyo namba moja, na feni nikawa siisikii nikafikiri imekufa.

Na mwalimu, niandikie uliinunua bei gani hiyo inveta, maana na mimi ninayo moja inayolia zzzz iko chini ya meza hapa nimeishindwa.